Sauti na Tupa: Kusoma Shujaaz Katika Karakana ya Katwe

Nakala ya kwanza ya Shujaaz niliyowahi kuishika ilikuwa imefungiwa vipuri. Mjomba wangu ana karakana ya kuchomelea vyuma hapa Katwe, Kampala, na mizigo yake mingine huletwa kwa basi kutoka Nairobi. Mdogo wangu, aliyekuwa akifungua mzigo, aliikunjua karatasi ile, akaifuta grisi kwa kitambaa, akaanza kusoma huku akicheka. Mimi ninayesomea Kiswahili chuo kikuu nilihitaji anifasirie. Sheng ameipata kwenye muziki wa Kenya na kwa matingo wa malori. Mimi nimefundishwa kwamba wingi wa shujaa ni mashujaa, wala haumalizikii kwa z. Nilipomaliza kuona haya, niligundua kwamba tulikuwa na jambo la kubishania ambalo halikuhusu ngeli.

Shujaaz ni jarida la vibonzo lililoanza Kenya mwaka 2010, likitolewa na kampuni ya Well Told Story. Liligawiwa bure, likiwekwa ndani ya gazeti la Daily Nation na kwenye vibanda vya M-Pesa. Lilipata tuzo ya kimataifa ya Emmy mwaka 2012, kisha tena 2014, na mwaka 2015 likaingia Tanzania likiwa na mhusika mkuu wake wa huko, DJ Tee. Nguli wa Kenya ni Boyie, kijana wa miaka 19. Amemaliza shule na hana kazi. Chumbani kwake ameunda kituo cha redio kwa siri, na kutoka humo huingilia masafa na kuzungumza na vijana wenzake kuhusu yanayowasibu. Wazazi wake hawajui.

Msomaji wa vibonzo vya Marekani atasema haraka kwamba huyu ni Spider-Man bila utando. Ufanano upo. Tangu mwaka 1962 Peter Parker amekuwa kijana mwenye siri, anayepigania haki usiku na kuhangaikia pesa mchana. Lakini Boyie haruki juu ya maghorofa wala hapigani na majambazi. Nguvu yake ni sauti. Kwa sababu hiyo mimi namweka katika ukoo mwingine, ulio karibu zaidi nasi: ukoo wa Fumo Liyongo.

Katika utendi ulioandikwa na Muhammad Kijuma mwaka 1913, Liyongo ni jitu lenye nguvu za kutisha, lakini akiwa gerezani nguvu hizo hazimfai kitu. Kinachomwokoa ni utungo. Anamwimbia kijakazi Saada ujumbe wa kumpelekea mama yake: aoke mkate wa wishwa, atie tupa ndani yake. Walinzi wanakula mikate mizuri na kuudharau ule wa wishwa. Kisha Liyongo anaomba ngoma ya gungu ipigwe, na kelele za ngoma zinafunika sauti ya tupa ikikata pingu. Hapo sauti inafanya kazi mbili: kwanza inakiita chombo, kisha inakificha kinapofanya kazi. Utungo wenyewe haukati chuma.

Nikimpima Boyie kwa kipimo hicho, naona ubora wa Shujaaz na upungufu wake pia. Miongoni mwa visa vyake vinavyojulikana sana ni kile cha kuwapaka vifaranga rangi ya zambarau ili mwewe wasiwatambue kuwa ni chakula. Mtu anaweza kukicheka kisa hicho. Mimi nakiona kuwa kisa kizuri, kwa sababu msomaji anaondoka na tupa mkononi: rangi ni ya bei ndogo, na kijana mwenye kuku watano anaweza kuijaribu kesho. Dhamira ya haki imeshuka kutoka mawinguni hadi kwenye banda la kuku.

Ubishi wetu ulikuwa kuhusu Boyie mwenyewe. Mdogo wangu naye ana miaka 19, amemaliza S.6, na ni fundi. Katwe watu hutengeneza mashine za kusaga mahindi, sigiri na mageti kutoka kwenye vyuma chakavu. Kijana anayeunda redio chumbani hamshangazi mtu hapa. Kilichomshangaza mdogo wangu ni kingine.

"Dada, huyu anakula nini?" aliuliza.

Nilimjibu kwamba ni hadithi, na kwamba jambo kubwa ni kuwapa vijana sauti. Akaniuliza swali la pili: "Na wakimzimia redio?"

Swali hilo lina historia katika mtaa huu. Redio ya CBS iko Bulange, Mengo, si mbali na karakana yetu. Septemba 2009, wakati wa ghasia zilizozuka baada ya Kabaka kuzuiwa kwenda Kayunga, serikali iliifunga redio hiyo, na haikurudi hewani hadi Oktoba 2010. Wakati Boyie anaanza kurusha matangazo yake kwenye karatasi, redio iliyopendwa sana Katwe ilikuwa kimya. Nilikuwa mdogo, lakini mama hadi leo husema karakana ilisikika kama nyumba yenye msiba. Kwa hiyo hapa sauti si kitu chepesi, na sitaki kumdharau Boyie kwa kuwa na sauti tu.

Lakini mdogo wangu hakukosa sauti wala maarifa. Ameshahudhuria semina ya vijana ambako mzungumzaji aliwahimiza wajiamini na wathubutu. Alirudi amejiamini. Alipokwenda kuomba mkopo wa kununua mashine yake ya kuchomelea, aliombwa hati ya kiwanja. Jarida lililojengwa juu ya imani kwamba taabu ya kijana hupungua akishajua jambo linamfaa yule wa vifaranga. Huyu wangu anajua tayari. Yuko gerezani, wimbo ameshauimba, na mkate uliomfikia hauna kitu ndani.

Sisemi vibonzo vigawe mikopo. Nasema kwamba Boyie angekuwa nguli mkubwa zaidi kama kukosa kwake kazi kungekuwa tatizo linalomuuma ukurasa hadi ukurasa, badala ya kuwa sababu tu ya yeye kupata muda wa kukaa chumbani na redio. Peter Parker hukosa kodi ya nyumba, na sisi huhangaika naye. Liyongo anachomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe, na sisi humlilia. Nguli huaminika pale panapomuuma.

Hata hivyo, ningependa kuiona Shujaaz kwenye orodha yetu ya fasihi ya Kiswahili, ikisomwa ubavuni mwa Liyongo, Sheng yake na z yake vikiwemo. Mdogo wangu ameihifadhi ile nakala kwenye sanduku la vifaa. Anasema angekuwa yeye mwandishi, ukurasa wa mwisho angeandika bei ya mashine ya kuchomelea, na mahali anapopatikana mtu anayekopesha bila hati ya kiwanja.