Farasi na Shahidi Wake: Kusema na Kunyamaza katika Kitabu cha Anna Sewell

Black Beauty, kitabu cha Anna Sewell kilichopigwa chapa Uingereza mwaka wa 1877, kwa desturi huwekwa katika rafu ya watoto. Wahakiki wengi wamekipita upesi, kwa kuona ya kuwa mafunzo yake yako wazi mno, ya kuwa watu wake wema ni wema kupita kiasi, na ya kuwa watu wake wabaya aghalabu ni walevi. Hukumu hiyo ina haki yake. Hata hivyo liko jambo moja ambalo kitabu hiki hulichungua kwa uangalifu kuliko riwaya nyingi zenye sifa kubwa zaidi, nalo ni neno la shahidi: mtu apitaye njiani, asiye mwenye farasi wala mwenye gari, akaona mnyama anateswa, kisha ama akasema ama akanyamaza. Sewell hakutosheka kuhubiri kwamba ni wajibu kusema. Alionyesha nani husema, humwambia nani, kwa maneno gani, na neno lake hufika wapi. Humo ndimo mna nguvu ya kitabu, na humo pia mna udhaifu wake.

Mwandishi huyu aliwajua farasi kwa karibu. Alizaliwa Great Yarmouth mwaka wa 1820, akaumia miguu alipokuwa na umri wa miaka 14, na tangu hapo hakuweza kutembea mwendo mrefu. Safari zake nyingi zilitegemea farasi na kigari. Kitabu chake alikiandika katika miaka ya ugonjwa, tangu 1871 hadi 1877, akafariki mwaka wa 1878, miezi michache baada ya kutolewa. Ukurasa wa jina wasema kwamba hadithi imefasiriwa kutoka katika lugha ya farasi. Mzaha huo mdogo una maana kubwa. Farasi husimulia maisha yake yote kwa ufasaha, na msomaji humsikia. Lakini ndani ya hadithi yenyewe hakuna binadamu hata mmoja amsikiaye. Msomaji huyajua maumivu ambayo mwenye mjeledi hayajui, au hataki kuyajua. Kwa hiyo kila mateso yanapotokea, msomaji hungoja kinywa cha binadamu kifunguke badala ya kinywa cha mnyama.

Tukio lililo wazi kuliko yote ni lile la Joe Green, saisi mdogo katika nyumba ya Bwana Gordon. Joe arudi kutoka kupeleka barua, amempanda Black Beauty, naye apita penye kiwanja cha kufyatulia matofali. Aona gari limejazwa matofali pomoni, magurudumu yamezama katika tope zito, na mwendeshaji awacharaza farasi wawili ambao hawawezi kulitoa. Hatua za Joe zastahili kutazamwa moja moja. Kwanza amwambia yule mtu aache, tena ampa sababu: gari limekwama, na mapigo hayatalikwamua. Pili ajitolea kusaidia kupunguza mzigo. Tatu, alipotukanwa na kuambiwa ashughulike na mambo yake, hakubaki pale kutukanana na mlevi. Aligeuza farasi wake akaenda mbio hadi nyumbani kwa mwenye kiwanja. Nne, alipoulizwa kama yu tayari kutoa ushahidi mbele ya hakimu, alikubali papo hapo. Siku ile ile aliitwa, akaeleza aliyoyaona, na mwendeshaji akaamriwa kwenda kujibu mashtaka.

Katika hatua hizo hasira ya kijana haikupotea hewani. Ilianza kuwa shauri, ikawa ahadi ya msaada, kisha habari kwa mwenye mamlaka, na mwisho ushahidi. Tena Sewell ameweka jambo jingine ambalo msomaji wa haraka huenda asilione. Sura chache kabla ya hapo, Joe huyu huyu alikaribia kumwua Black Beauty. Farasi alirudi ametota jasho baada ya kukimbia usiku kumwita daktari, naye Joe akampa maji baridi ayanywe, akamwacha bila ya blanketi. Hakukusudia ubaya, hakujua. Mwandishi basi amempa kazi ya ushahidi mtu aliyekwisha kudhuru kwa ujinga wake. Sauti yake katika kiwanja cha matofali ni sauti ya mwanafunzi aliyejifunza mwili wa farasi kwa uchungu, na ndiyo sababu aweza kueleza kwa nini gari haliendi. Mtu asiyejua angeweza kupiga kelele tu.

Shahidi wa pili ni bwana mmoja wa London. Gari la farasi wawili limeachwa mbele ya duka la mvinyo. Farasi waanza kuondoka, na mwendeshaji atoka nje, awapiga hata vichwani. Bwana huyu avuka njia kwa haraka. Kwake hakuna shauri wala ahadi ya kusaidia. Atishia kumshitaki yule mtu asipoacha mara moja, kisha atoa kitabu kidogo mfukoni na kuandika jina lililochorwa ubavuni mwa gari. Matusi yanamwagika, lakini mapigo yakoma. Rafiki yake amcheka kwa kujisumbua na farasi wa watu wengine, naye ajibu kwa maana hii, kwamba aonaye ubaya aliokuwa na uwezo wa kuuzuia, kisha asifanye kitu, ameshirikiana na mtenda ubaya. Maneno hayo hutajwa mara nyingi na wapendao kitabu hiki. Lakini kilichomzuia mlevi si hotuba, ni kalamu. Jina likiisha kuandikwa, tendo la njiani lina mwenyewe.

Shahidi wa tatu ni bibi mmoja anayemkuta Jakes, mwendeshaji wa gari la mzigo, akimpiga Black Beauty mlimani. Farasi amefungwa ile hatamu ya kuinulia kichwa, ambayo humzuia asiinamishe shingo na kutumia uzito wa mwili wake. Bibi huyu hamwiti Jakes mkatili. Amwuliza kama farasi hataweza kuvuta vizuri zaidi hatamu ikifunguliwa, amwomba ajaribu, na Jakes, ambaye hakuwa mtu mbaya, afungua. Farasi ainamisha kichwa, aegemea mzigo, apanda mlima. Kisha tu ndipo bibi aeleza kwa nini viumbe wasioweza kusema wahurumiwe. Jakes ahofia kuchekwa na wenzake akiiacha desturi ya wote, lakini tangu siku ile humlegezea farasi hatamu kila apandapo mlima. Katika mashahidi watatu huyu ndiye aliyesema kwa upole zaidi, naye ndiye aliyebadili mazoea ya mtu.

Uangalifu huu wa Sewell huonekana vyema zaidi kikiwekwa karibu nacho kitabu kikubwa kuliko chake. Katika riwaya ya Dostoevsky juu ya uhalifu na adhabu ya Raskolnikov, iliyotoka mwaka wa 1866, mna ndoto ambayo hakuna msomaji aisahauye. Mtoto mdogo, akiwa na baba yake, amwona mlevi Mikolka akimpiga farasi jike dhaifu aliyefungwa gari zito lililojaa watu wanaocheka. Farasi hawezi kuvuta, naye hupigwa mpaka afa. Watu hawakunyamaza. Mzee mmoja katika kundi amkemea Mikolka, na wengine nao wapaza sauti. Lakini Mikolka ana jibu moja alirudialo: farasi ni mali yake. Baba wa mtoto amvuta mwanawe waende zao, kwa kuwa hao ni walevi na jambo hilo haliwahusu. Mtoto peke yake amkimbilia mnyama, amkumbatia kichwa kilichojaa damu, kisha amrukia Mikolka kwa ngumi zake ndogo.

Kwa ukubwa wa fani hapana kulinganisha. Dostoevsky aliingia katika roho ya mwanadamu mahali ambapo Sewell hakufika. Ila katika jambo la shahidi, tofauti yao yafundisha. Katika ndoto ile maneno yapo, tena ya haki, lakini hayana mahali pa kwenda. Yasemwa kundini, yazama kundini. Hakuna aendaye kwa mwenye mamlaka, hakuna aandikaye jina, na hoja ya mali haijibiwi. Joe Green naye aliambiwa ashughulike na yake, sawasawa na baba yule alivyomwambia mtoto; lakini Joe alikuwa na mlango wa kugonga.

Mlango huo ulijengwa na watu. Mwaka wa 1822 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyotetewa na Richard Martin, mjumbe kutoka Ireland, ya kuadhibu ukatili kwa farasi, ng'ombe na kondoo. Mwaka wa 1824 kikaundwa London chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Huko New York, Henry Bergh alianzisha chama kama hicho mwaka wa 1866, mwaka ule ule wa riwaya ya Dostoevsky. Bergh alikuwa amepata kutumika katika ubalozi wa Marekani mjini St. Petersburg, ambako husimuliwa kuwa alimzuia mwendeshaji mmoja aliyekuwa akimpiga farasi wake. Tangu sheria hizo, hoja ya Mikolka haikutosha tena katika nchi hizo mbili: mwenye mali aweza kuulizwa anavyoitumia. Sewell aliandika zaidi ya miaka 50 baada ya sheria ya Martin, na hadithi ya Joe isingeaminika bila ya hakimu aliye tayari kusikiliza.

Hapa ndipo udhaifu wa kitabu unapojitokeza. Tazama ni nani ashitakiwaye. Mwendeshaji wa matofali, mlevi na maskini, apelekwa mbele ya hakimu. Lakini ile hatamu ya kuinulia kichwa, iliyowatesa farasi kila siku, ilikuwa pambo la wakubwa. Katika nyumba ya Earlshall, bibi mwenye nyumba ataka vichwa vya farasi viwe juu kwa ajili ya fahari ya gari lake, naye York, mwendeshaji mkuu, azidi kuikaza tundu baada ya tundu. York si mkatili, wala si mjinga. Ameonywa na John Manly kwamba farasi hao hawakuizoea hatamu hiyo. Ajua, anyamaza, atii. Black Beauty mwenyewe amlaumu kidogo kwa kutowasimamia farasi wake, kisha aacha. Mwandishi naye aacha. Hakuna bwana mwenye kitabu mfukoni avukaye njia kuandika jina la bibi huyu.

Kadhalika kuna Sam, mwendesha gari la kukodi mwenye nguo kuukuu, ambaye alazimika kumlipa mwenye gari shilingi 18 kwa siku kwa gari na farasi wawili kabla hajapata senti yake mwenyewe. Huuliza mtu aliye katika hali hiyo atamhurumiaje farasi, na hata Jerry, rafiki mwema wa Black Beauty, hana jibu. Hakuna sura yenye ukweli mkali kuliko hii. Hapo Sewell aliona ya kuwa mkono ushikao mjeledi mara nyingi husukumwa na mkono mwingine usioonekana njiani. Aliliona jambo hilo, akaliandika, lakini hakumpa shahidi wake neno la kumwambia huyo asiyeonekana.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa jambo hili. Farasi walikuwa adimu katika nchi nyingi za Afrika Mashariki, hasa penye mbung'o. Mzigo wa Lamu ulibebwa na punda. Methali yasema: punda afe, mzigo wa bwana ufike. Husemwa kuusifu ushupavu wa kumaliza kazi, lakini ikisomwa pamoja na kisa cha Sam yaonyesha sura nyingine. Imewataja watatu, mnyama, mzigo na bwana. Mshika fimbo hakutajwa, wala mpita njia. Bwana naye hayuko njiani. Yuko aungojako mzigo.

Kumwambia bwana huyo ndiyo kazi ngumu, na fasihi ya Kiswahili ina kitabu kilichoishika. Katika Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotolewa mwaka wa 1951, Karama asimama mbele ya mfalme na mshitaki wake Majivuno, na yeye aliyetaka kusema haki ndiye mshitakiwa. Humo hapana mnyama apigwaye, lakini hesabu ya gharama ya kusema imefanywa kamili. Joe Green hakupoteza kazi yake kwa kusema, na bwana wa London hakupoteza ila dakika chache. Karama alihatarisha maisha yake.

Haifai kwa hiyo kukitupa kitabu cha Sewell kwa kuwa ni chepesi, wala kukisifu kana kwamba kimemaliza shauri. Kimefundisha, kwa visa vilivyo wazi, kwamba shahidi ahitaji kujua, apime kama panafaa ombi au amri, na alipeleke neno lake mahali litakapofanya kazi. Mwanafunzi akisomapo sura ya Joe Green, na asome mara ile ile sura za Earlshall. Joe alimwona mtu mlevi akifanya ubaya, akasema. York alimwona bibi yake, akakaza hatamu tundu moja zaidi. Na York ndiye aliyekuwa pamoja na farasi wale kila siku.