Kupata, Kupewa, Kukatiza: Rosa Mistika na Lugha ya Mimba za Utotoni

Riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilichapishwa mwaka 1971, mwaka uleule wa Sheria ya Ndoa iliyoruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Ilipofika 2019 ndipo Mahakama ya Rufani ilipothibitisha kuwa ruhusa hiyo inakiuka Katiba. Wahakiki wengi wameisoma riwaya hii kama hadithi ya malezi: ukali wa Zakaria unamlea binti asiyejua kujilinda. Usomaji huo una ushahidi, lakini unaacha suala la kiisimu linalowagusa wasichana wa Igoma leo, ng'ambo ya maji kutoka Ukerewe ya Rosa.

Katika “kupata mimba” msichana ni mtenda, na mwanamume hayumo kabisa kwenye sentensi. “Kupewa mimba” humfanya msichana mtendwa, ila sarufi inaruhusu mtenda aachwe, naye mara nyingi huachwa. Nguvu ya Kezilahabi ni kuwataja watenda kwa majina na vyeo: Deogratias ni Bwana Maendeleo, Thomas ni mkuu wa chuo. Upungufu wake ni kukusanya hatari zote katika mwili mmoja. Kulaghaiwa na mwenye mamlaka, kutoa mimba, kukataliwa na mchumba: msuko unayapeleka yote kwenye kifo kimoja, kana kwamba ni jambo moja.

Istilahi “mimba za utotoni” hufanya kosa hilohilo kwa maneno matatu. Msichana wa miaka 13, ambaye nyonga zake hazijakomaa na uchungu pingamizi unaweza kumwachia fistula ya kwenda kutibiwa Bugando, anatiwa kapu moja na wa miaka 19 aliyeolewa. Wa kwanza anahitaji daktari na hakimu. Wa pili huenda anahitaji tu mtu wa kumshikia mtoto saa za masomo. Hata Igoma penyewe, anayeishi kwa bibi yake hayuko sawa na aliyepangishiwa chumba na mwanamume aliyekwisha kuondoka.

Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba waliojifungua wangeruhusiwa kurudi katika shule za mfumo rasmi. Kabla ya hapo walifukuzwa, kwa kanuni za mwaka 2002 zilizofasiriwa kwamba mimba ni kosa dhidi ya maadili. Hata hivyo, mjadala uliofuata uliwaita “waliokatiza” au “waliokatisha” masomo. Kauli ya kutendesha imemfanya aliyefukuzwa kuwa mkataji! Kiambishi -w- kimoja tu kingebadili mashtaka: mwalimu mkuu anayesoma “waliokatiza” atamuuliza binti kwa nini aliacha shule, ilhali “waliokatizwa” humlazimu kuuliza ni nani aliyemwondoa. Kezilahabi aliuliza swali hilo la pili nusu karne mapema, na riwaya yake ikapigwa marufuku shuleni kwa muda.