Doa la Mzee na Damu ya Pemba

Wapo waumini wanaouliza kwa nini jumuiya zetu za Lupaso, Masasi na Newala zifundishwe habari za mauaji ya kimbari na haki za binadamu. Hayo, husema, ni mambo ya Rwanda, na mahakama yake ilikuwa Arusha. Sisi huku kusini tuna korosho zetu na amani yetu. Kwa swali hilo tunaleta kitabu kimoja kilichoandikwa na mtoto wa Lupaso, ambaye kaburi lake liko hapa hapa kijijini.

Kitabu ni My Life, My Purpose, kumbukumbu za maisha ya Mzee Benjamin William Mkapa, Rais wa Awamu ya Tatu. Kilitolewa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam, Novemba 2019, miezi minane kabla ya Bwana kumwita Julai 24, 2020. Humo anasimulia safari yake kutoka kijijini kupitia shule za misioni hadi Makerere, kazi yake ya uandishi wa habari, uwaziri, na miaka kumi ya urais. Wengi huku kwetu wanakipenda kwa sababu hiyo: ni ushahidi kwamba mtoto wa Lupaso anaweza kufika popote. Sisi tunakipenda pia kwa sababu nyingine, ambayo haitajwi sana. Mzee anakubali humo kwamba mauaji ya Pemba ya Januari 2001, yaliyotokea akiwa Rais na Amiri Jeshi Mkuu, ni doa katika utawala wake.

Tukumbushane yaliyotokea. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2000 uliogombaniwa Zanzibar, chama cha CUF kiliitisha maandamano Januari 27, 2001 kudai uchaguzi mpya. Serikali iliyapiga marufuku. Watu walipotoka, polisi walifyatua risasi: Wete, Micheweni, Chake Chake na kwingineko. Tume iliyoundwa na Rais mwenyewe, chini ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita, ilitaja watu 31 waliokufa. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu waliouawa wasiopungua 35 na majeruhi zaidi ya 600. Watu wapatao 2,000 walivuka bahari wakakimbilia Shimoni, Kenya.

Hapa mwalimu wa jumuiya awe makini na maneno. Mauaji ya Pemba hayakuwa mauaji ya kimbari. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Desemba 9, 1948 unaeleza kwamba kosa hilo ni kutenda kwa nia ya kuliangamiza, lote au sehemu yake, kundi la watu kwa sababu ya taifa lao, kabila lao, rangi yao au dini yao. Rwanda, mwaka 1994, ilikuwa hivyo: Watutsi waliwindwa kwa sababu walizaliwa Watutsi, na katika siku zipatazo 100 waliuawa watu wanaokadiriwa kufikia 800,000 au zaidi. Tukiliita kila jambo baya kwa jina hilo, tunawadharau marehemu wa Rwanda na tunawachanganya vijana wetu.

Lakini tuweke tarehe hizi pamoja, kwa maana ndipo lilipo somo. Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, na nchi yetu ikawapokea. Novemba mwaka huo huo Umoja wa Mataifa uliunda mahakama ya kuwahukumu wauaji, na ikawekwa Arusha. Septemba 2, 1998 mahakama hiyo ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Ilikuwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa kosa la mauaji ya kimbari. Dunia ilikuja kwetu kujifunza haki. Haikupita hata miaka mitatu, nchi hiyo hiyo ikawapiga risasi raia wake, nayo nchi iliyopokea wakimbizi ikazalisha wakimbizi. Kumpokea mgeni anayekimbia panga hakumkingi mwenye nyumba asije akamdhulumu mwanawe.

Ndiyo maana hatukubaliani na mafundisho yanayoisimulia Rwanda kama hadithi ya watu wengine wenye mioyo ya ajabu. Mahakama ya Arusha ilimhukumu pia padre. Athanase Seromba alikuwa padre wa parokia ya Nyange. Watutsi wasiopungua 1,500 walikimbilia kanisani kwake, na kanisa lile likabomolewa juu yao kwa tingatinga, Aprili 1994. Mwaka 2008 alihukumiwa kifungo cha maisha katika rufaa. Mwaka 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha kwa dhambi za Kanisa na za watu wake katika mauaji yale. Kama altare haikumzuia padre yule, basi shule ya misioni, ubatizo na jina jema la ukoo peke yake havitoshi kumzuia mtu yeyote. Kinachohitajika ni mazoea ya kusema kweli juu ya damu, mapema, na juu ya damu iliyomwagika nyumbani kwanza.

Kwa kipimo hicho, kurasa za Mzee juu ya Pemba ni hazina. Viongozi wengi wa Afrika hustaafu na kuandika vitabu ambamo kila kosa lina mwenyewe mwingine. Mzee Mkapa, aliyewahi kuwa mhariri wa magazeti na kuujua uzito wa neno, hakuhamisha mzigo wote kwa askari wa chini. Kijana wa kipaimara akisoma hivyo, anajifunza kwamba mkubwa anaweza kukiri, na akakiri bila heshima yake kuanguka. Nathani alipomwendea mfalme Daudi, tunu ya habari ile ilikuwa pale mfalme alipokubali kuwa mtu anayesemwa ni yeye.

Hata hivyo heshima kwa Mzee haitudai tunyamazie upungufu. Katekisimu tuliyofundishwa inapima kitubio kwa mambo matatu: majuto, maungamo na malipizi. Tukipime kitabu kwa hayo.

Majuto yamo, na hatuna sababu ya kuyatilia shaka. Maungamo yamo nusu. Neno doa ni neno la nguo: anayelitumia anaitazama kanzu yake. Linasema jambo lile lilimfanyia nini yeye na jina lake. Halituambii lilimfanyia nini mama wa Micheweni ambaye mwanawe hakurudi jioni ile. Katika Mwanzo, Mungu alimweleza Kaini habari ya sauti inayolia kutoka ardhini. Mwenye kulia pale ni aliyeuawa, na muuaji ndiye anayetakiwa kumsikia. Kumbukumbu za mtu mmoja, kwa asili yake, humweka mwandishi katikati, na marehemu wa Pemba ni sehemu ndogo tu ya simulizi la maisha ya miaka 80. Hilo ni tatizo la aina ya kitabu kuliko la moyo wa Mzee, lakini msomaji Mkristo lazima alione.

Malipizi je? Tuwe wa haki. Tume ya Mbita ilikuwa hatua. Muafaka uliotiwa saini na CCM na CUF Oktoba 10, 2001 ulikuwa hatua kubwa zaidi. Na mwaka 2008, Kenya ilipowaka moto baada ya uchaguzi, Mzee Mkapa alikwenda Nairobi pamoja na Kofi Annan na Mama Graça Machel kuwapatanisha. Wako wanaosema kwamba huko alilipa deni la Pemba. Hatuoni hivyo. Zakayo hakwenda mji mwingine kutenda mema. Aliahidi kuwarudishia mara nne wale wale aliowadhulumu. Wema uliofanywa Nairobi ni wema wa kweli, na wajane wa Wete bado wana haki ya kuuliza habari ya kwao.

Mtu atasema: hayo ya Pemba ni ya Waislamu wa visiwani na ya vyama, Kanisa la Lupaso linahusikaje? Jibu liko ng'ambo ya Ruvuma. Juni 16, 1960 askari wa Wareno waliwapiga risasi Wamakonde waliokusanyika Mueda kudai haki zao, na katika miaka iliyofuata ndugu zetu walivuka mto kutafuta hifadhi upande wetu. Hakuna aliyeuliza wakati ule kama kilio chao kinamhusu Mpemba. Haki ikipimwa kwa kabila, dini au chama imekwisha kuharibika, na uharibifu wa namna hiyo ndio ulioanza Rwanda miaka mingi kabla ya 1994.

Basi tunapendekeza kitabu hiki kisomwe katika jumuiya ndogo ndogo wakati wa Kwaresima, hasa kurasa za Pemba. Mwenye Kiingereza awasomee wenzake kwa Kiswahili, taratibu, kisha waulizwe watoto maswali matatu: Nani alikufa? Nani alikiri? Nani bado anangoja? Na Aprili 7, dunia inapowakumbuka marehemu wa Rwanda, Misa yetu iwaombee pamoja nao waliouawa Nyange, Mueda, Wete na Micheweni, na imwombee Mzee Benjamin pia, ambaye sasa anasimama mbele ya Hakimu mmoja na wao.