Fundo la Khanga

Muuguzi ananawa mpaka kwenye viwiko, anajikausha, anasugua viganja hadi vipate joto. Bado hamgusi mtoto. Anamtazama kwanza: pumzi, rangi ya midomo, vidole. Kwenye wodi ya watoto njiti, kutazama ni kazi kamili.

"Mama, fungua gauni mbele."

Mtoto ana nepi, kofia na soksi tu. Muuguzi anamwinua, mkono mmoja shingoni, mwingine makalioni, anamweka wima katikati ya matiti ya mama, ngozi kwa ngozi, miguu imekunjwa kama ya chura. Anamgeuza kichwa upande na kumwinua kidevu kidogo, njia ya hewa isizibe. Ndipo inapokuja khanga, kipande kimoja cha doti ya Kariakoo. Ukingo wa juu unafika chini ya sikio. Kifuani inabana, tumboni inalegea, maana mtoto mchanga hupumua kwa tumbo. Anafunga fundo, analikagua, halafu analifungua lote.

"Sasa wewe."

Fundo la mama linakwenda upande. Mafundi wengi wangemnyang'anya mwanafunzi kazi hapo hapo. Huyu anafumbata mikono yake nyuma na kungoja mpaka mama aligundue mwenyewe.

Njia hii ya kangaruu ilianzishwa na daktari Edgar Rey Sanabria mjini Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970. Muhimbili, mwendo mfupi kutoka Kariakoo, ilikuwa miongoni mwa hospitali tano za utafiti uliochapishwa mwaka 2021, kuhusu watoto wa kuanzia kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8. Waliowekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, bila kungoja hali zao zitulie, walifariki asilimia 12.0 ndani ya siku 28. Wenzao waliosubirishwa, asilimia 15.7.

Takwimu hizo zinahesabu uhai. Sehemu ngumu zaidi, kwa macho yangu, ni kumfundisha mama kumsoma mtoto asiye na nguvu hata ya kulia.

"Akitanua vidole hivi, amechoka. Akigeuza uso, usimfuate. Msubiri arudi."

Mama anaimba chinichini, kisha ananyamaza katikati ya wimbo. "Sista, kageuka."

"Umemwona mwenyewe," anajibu muuguzi, akiweka kipimajoto kwapani mwa mtoto: 36.8. Anaandika kwenye faili. Jioni baba atafunga duka na kuja kupokea zamu, na mama ndiye atakayemfunga khanga.