Nguzo za Mkunazini na Mtu Mwenye Shughuli Nyingi

Mgeni aingiaye Kanisa Kuu la Kristo pale Mkunazini, mjini Unguja, hakosi kupelekwa upande wa magharibi aonyeshwe nguzo 12 zilizosimamishwa kichwa chini. Husimuliwa kwamba Askofu Edward Steere alikuwa amesafiri kwenda bara, na nyuma yake mafundi, ambao hawajapata kuona nguzo za namna ile, wakaziweka juu chini. Aliporudi akaziona, akaziacha vivyo hivyo. Mgeni hucheka, na mwenye kumwongoza hucheka pamoja naye, kisha hupita kwenda kutazama altare, mahali ambapo yasemekana ulikuwapo mti waliofungiwa watumwa na kupigwa, katika soko lililofungwa mwaka 1873.

Hadithi hii twaisikia mara nyingi katika mahubiri. Hivi karibuni tuliisikia tena katika mkutano wa waalimu ulioitwa kwa ajili ya shughuli nyingi na mioyo iliyochoka, maana waalimu wa siku hizi wachoka sana. Mnenaji aliifanya kuwa mfano wake mkuu. Alisema kwamba bwana wa kazi asipokuwapo kazi huharibika. Kwa hiyo Mkristo na aamke mapema, asali, aandike kazi zake zote katika daftari, azigawie saa, kisha aisimamie kila moja kwa macho yake mwenyewe, naye Mungu atambariki. Watu waliafiki wakapiga makofi. Sisi hatukuafiki, nasi twataka kueleza sababu, kwa kuwa twaona mfano ule umesomwa kama nguzo zenyewe zilivyowekwa.

Na tuanze na mtu mwenyewe. Steere alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer. Hata kufika mwaka 1870 alikuwa amekwisha kutoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja, na kitabu cha hadithi alizozisikia hapa hapa. Jiwe la msingi la kanisa liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873 katika uwanja wa soko lile lile, na mwaka uliofuata yeye akafanywa askofu. Tokea hapo twamwona ana kazi ya watu saba: ajenga kanisa, afasiri Maandiko, aangalia wanafunzi wa Kiungani na watu waliowekwa huru kule Mbweni, tena asahihisha karatasi za chapa. Mwaka 1875 alikwenda kwa miguu kutoka Lindi hata kwa Mataka, mkuu wa Wayao. Mwaka 1876 akapeleka kundi la watu waliowekwa huru, nao wakakaa Masasi. Mwezi wa Agosti mwaka 1882 akafa, umri wake miaka 54, akazikwa nyuma ya altare ya kanisa lake.

Orodha ya namna hii husomwa kwa sifa, wala hatumnyimi sifa yake. Lakini mwenye kuipima kwa haki ataona kwamba ni orodha ya mtu aliyebeba mno. Hakuna daftari liwezalo kumweka mtu Mkunazini na kwa Mataka siku moja. Basi yule mnenaji aliposema nguzo ziligeuka kwa sababu msimamizi hakuwapo, alisema nusu ya neno. Ziligeuka kwa kuwa pale kazini palikuwa na kichwa kimoja tu kilichojua nguzo za Kizungu husimamaje, na kichwa kile kilikuwa safarini. Kama mafundi wawili watatu wangalikuwa wamefundishwa, askofu angaliweza kukaa bara miezi sita, na nguzo zingalisimama kwa miguu yao.

Wala mtu asidhani kwamba Steere hakujua kupanga. Na ainue macho atazame paa. Nyumba za mawe za mjini, kama zijulikanavyo, hujengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko, miti tunayoijua vema sisi tukaao upande wa Jozani, kwa kuwa twaiona kila siku hapa Pete. Boriti haina urefu mkubwa, ndiyo maana vyumba vya nyumba zile ni vyembamba, hata katika nyumba ya tajiri: chumba chaweza kuwa kirefu upendavyo, lakini upana wake ni upana wa boriti. Kanisa la upana ule lisingeweza kuezekwa hivyo. Steere alilijua jambo hili tangu mwanzo, akafanya paa lililojikunja kama nusu ya pipa, la zege la matumbawe yaliyopondwa na saruji, lisilo na boriti hata moja. Husimuliwa kwamba wengi walingoja lianguke. Halijaanguka, na limepita miaka 140. Twaliona paa lile kuwa fundisho bora juu ya mpango kuliko daftari zote tulizogawiwa mkutanoni, kwa maana limeanza kwa kuuliza mti ulio karibu wafika wapi. Siku ya mtu nayo ni boriti. Sisi waalimu tuna desturi ya kuchora ukumbi, na baadaye kuulaumu mti kwamba ni mfupi.

Liko kosa jingine katika mafundisho haya, nalo lawaumiza hasa mama zetu. Asipohubiriwa Steere, huhubiriwa Martha. Twasoma katika Injili ya Luka sura ya 10 jinsi alivyohangaika kumtumikia Bwana nyumbani mwake, huku ndugu yake Mariamu amekaa kusikiliza. Na mhubiri husema: Mama, acha sufuria, kaa usali. Mama husikia, hurudi nyumbani, hukuta sufuria i papo hapo, na watoto wana njaa. Sasa ana mizigo miwili, kazi yake ya kwanza na aibu ya kuwa Martha. Tumwulize mhubiri yule nani alimpikia Jumapili ile. Twaisoma sura hii polepole, nasi hatuoni kwamba Bwana alikataa chakula. Martha alikuwa amejitwika utumishi wote, hata ukamlemea; na ulipomlemea, akataka kumwamuru Mgeni wake amtume Mariamu. Mtu akifika pale, ameanza kudhani kwamba nyumba yote imeshikwa na mikono yake. Huo ndio uchovu wa moyo. Kulala hakuutoi, na sala zisemwazo mbiombio ili kufuta mstari katika daftari haziutoi pia.

Kwa habari hii twalipenda zaidi shauri la Yethro, katika Kutoka sura ya 18, ambalo hatukulisikia likitajwa mkutanoni hata mara moja. Musa alikaa tangu asubuhi hata jioni akiamua mashauri ya watu, na mkwewe alipoona akamwambia wazi kwamba jambo hilo si jema, atadhoofika yeye na watu pia. Angalieni, ndugu, hakumwambia aamke mapema zaidi. Alimwambia achague watu, awafundishe, awape mamlaka juu ya maelfu na mamia na hamsini na makumi, yeye abaki na mashauri magumu. Na aliyesema neno hili alikuwa kuhani wa Midiani, wala si mmoja wa Waisraeli. Musa, aliyenena na Mungu, alikubali kufundishwa na mkwewe. Twadhani hapa ndipo imani ilipo ngumu. Kumwamini Mungu katika sala ni kwepesi kidogo. Kumwamini kwamba aweza kuifanya kazi yake kwa mkono wa kijana asiyejua kuandika vizuri, hilo latushinda.

Tuna haki gani ya kusema haya? Tutoe ushahidi wetu. Mtaa wetu ni mdogo, Wakristo wachache waliotoka bara kwa kazi, wakaao kati ya jirani zetu Waislamu kwa amani. Mwalimu wa shule ndiye msomaji wa kanisa, ndiye karani, ndiye mwenye kuandika ripoti ya robo mwaka, naye ana shamba la muhogo. Tulikuwa na daftari. Lilipigwa mistari kwa rula, kila siku na saa zake, na juu ya kila ukurasa sala fupi. Mzee mmoja wa mtaa aliugua, akatuma mjukuu wake kutuita. Tulikuwa katika ripoti. Akatuma tena, tukamwambia mtoto, Mwambie babu twaja. Tukafungua daftari, tukamwandika Alhamisi saa kumi. Mara ya tatu mtoto hakuingia hata ndani, alisimama mlangoni akasema, Babu auliza. Tukamwonyesha jina la babu yake katika daftari, ili aone kwamba hatukumsahau. Mzee akafa Jumatano usiku.

Ripoti ilifika mjini kwa siku yake. Mstari ule wa Alhamisi hatukuukata, ungaliko.

Baada ya maziko tulirudi kwa miguu njia ya Jozani. Pale msituni wamewekwa matuta barabarani, kwa sababu gari zikimbiliazo pwani ya mashariki zilikuwa zikiwaua kima punju wavukao. Madereva huyalaumu matuta kwamba yawachelewesha. Tulikaa kando tukawatazama kima wale. Wakisha kula majani hukaa kimya muda mrefu sana, kwa kuwa chakula chao hakisagiki upesi tumboni, na asiyejua huwaita wavivu. Wengine hula hata makaa, yawasaidie juu ya sumu iliyomo katika majani ya mkungu na mwembe. Hatukupata fundisho lolote pale, mioyo yetu ilikuwa mizito. Lakini twakumbuka kwamba gari moja lilipita juu ya tuta kwa kishindo, na dereva akapiga honi kwa hasira, wala mbele yake hapakuwa na mtu.

Juma lile lile tulimwita kijana mmoja wa mtaa, aliyeishia darasa la saba, tukampa daftari la mahudhurio ya watoto wa Jumapili na kazi ya kuwazuru wagonjwa wa upande wa Pete, akituletea habari kila jioni. Alilipiga daftari mistari kwa upande usiopasa, majina yakakaa panapotakiwa tarehe, na tarehe zikashuka chini kama watoto waliopangwa foleni. Mkono wetu ulikwenda kwenye rula. Ndipo tukazikumbuka nguzo za Mkunazini, na mara ya kwanza hatukucheka. Steere angeweza kuzibomoa. Alikuwa askofu, mafundi walikuwa wake, nasi twajua jinsi mwenye shughuli nyingi apendavyo kulirudia jambo mwenyewe, kwa kuwa ni upesi kuliko kufundisha. Akaziacha, na ukuta ulio juu yake haukuanguka. Kwa hukumu yetu, katika kanisa lile lote hakuna alichokifanya kwa imani kubwa kuliko hicho, nacho ndicho kichekwacho.

Tena si kweli kwamba alishika kila kitu mpaka kufa. Mwaka 1879 alimpa ushemasi John Swedi, mmoja wa wale watoto watano waliokuwa wa kwanza kupokewa na misioni, watoto waliokombolewa katika utumwa. Biblia nzima hakuiona ikitoka. Wengine waliipokea mikononi mwake wakaiendeleza, ikatoka mwaka 1891. Na mwaka 1890, miaka minane baada ya kuzikwa kwake, Cecil Majaliwa, ambaye naye alikuwa mtumwa utotoni, alipewa upadre, Mwafrika wa kwanza katika misioni ile, akarudi kwa watu wake wa Chitangali. Mnenaji wetu angaliyataja majina haya mawili, tungalipiga makofi pamoja na wengine.

Kijana wetu ameandika ripoti ya robo hii. Hesabu ya sadaka ilikosea mahali pawili, tukaketi naye akaisahihisha kwa mkono wake, jambo lililochukua jioni nzima, nasi tungaliimaliza kwa robo saa. Wagonjwa aliowazuru amewataja mmoja mmoja kwa majina, na mbele ya kila jina ameandika alichoambiwa na mgonjwa, hata pale mama mmoja aliposema hataki mtu ila chumvi. Ofisi haikuuliza habari hizo wala karatasi yake haina nafasi yake, kwa hiyo ameziandika pembeni, kutoka chini kwenda juu.