Mitungi Kumi, Si Kumi na Miwili

Kwenye mjengo wa mtaani Mbotela, Nairobi, simiti hupimwa kwa mfuko, mchanga na kokoto kwa karai. Maji peke yake ndiyo hayapimwi. Huongezwa mpaka zege lilainike, yaani liteleze lenyewe bila kumchosha mwenye beleshi. Ufa huanzia hapo.

Chukua ua wa mita 3 kwa 4, unene sentimita 10. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 utakula takriban mifuko 8 ya kilo 50. Kila mfuko unatosheka na lita 25, kwa hiyo jumla ni mitungi 10 ya lita 20, tena ipungue ikiwa mchanga umenyeshewa. Mitungi 2 zaidi inapandisha uwiano wa maji kwa simiti kutoka 0.5 hadi 0.6. Maji hayo ya ziada hayana kazi. Yatakauka, zege lisinyae, na kwa kuwa limeshikwa na ardhi chini na ukuta ubavuni, litapasuka.

Kinaya ni kwamba maji ya mgawo humwagwa ovyo siku ya kwanza, kisha zege linapoyahitaji, bomba ni kavu. Januari na Februari, kwa jua na upepo wa Nairobi, uso wa zege ukipoteza kama kilo 1 ya maji kwa kila mita mraba kwa saa, nyufa nyembamba zaweza kujitokeza kabla ya magharibi. Lowesha msingi kwanza, mwaga alasiri, funika kwa nailoni mara tu unapomaliza kusawazisha. Magunia mabichi chini ya nailoni hiyo yakae siku 7. Ndoo chache zinatosha.

Mbinu moja naichukia: kunyunyiza simiti kavu ili inyonye maji yaliyopanda juu. Hung'aa siku ile, baadaye uso hujaa nyufa kama mtandao wa buibui.

Katikati ya ua, kata mstari wa sentimita 2.5 kwenda chini. Zege likitaka kupasuka, lipasukie humo.

Ufa mpana unaokuja miezi baadaye ni kesi nyingine. Mara nyingi ni udongo mweusi, unaovimba masika na kunywea kiangazi. Huo huchimbwa ukatolewa, mawe na moramu yakashindiliwa mahali pake, kabla mfuko wa kwanza haujafunguliwa.