Mapokeo na Amri: Uhakiki wa Neno Moja Kisiwani Mfangano

Mzozo wa mapokeo na utii wa amri za Biblia huelezwa mara nyingi kana kwamba ni mzozo wa giza na nuru: mila ni za wazee, amri ni za Mungu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mgawanyo huo hauungwi mkono na lugha ya Biblia yenyewe, na kwamba kisiwani Mfangano anayeweza kuumizwa nao ni mjane.

Tuanze na neno lenyewe. Katika Biblia ya Union, iliyokamilika mwaka 1952, "mapokeo" ndilo neno la Marko 7, ambapo Yesu anawalaumu Mafarisayo kwa kuitangua amri ya kuwaheshimu wazazi kwa hila ya Korbani. Lakini neno lilo hilo latumika katika 2 Wathesalonike 2:15, ambapo Paulo anaagiza mapokeo yashikwe. Asili ya Kiyunani ni moja. Baadhi ya tafsiri za Kiingereza huliweka neno la "desturi" penye lawama na la "mafundisho" penye agizo, hata msomaji asijue kwamba ni jambo moja. Hapo Kiswahili kimekuwa kiaminifu zaidi. Mapokeo ni kile kilichopokewa. Kupokea si kosa. Swali ni kwamba kilichopokewa kinaitimiza amri au kinaitangua.

Katika sehemu hizo za ziwa neno hili limekuwa silaha ya Wakristo wao kwa wao. Waadventista, waliofungua misheni yao Gendia mwaka 1906, huihesabu ibada ya Jumapili kuwa mapokeo ya wanadamu, na Sabato kuwa amri. Wala lugha ya ibada haikusalimika: Waabasuba, wenye lugha ya Kibantu, kwa miaka mingi walizisikia amri hizo kwa Kijaluo. Hayo nayo ni mapokeo, ingawa hakuna mhubiri ayaitaye hivyo.

Mtihani mkubwa ni kurithiwa kwa wajane. Mhubiri huihukumu desturi hiyo kwa Marko 7. Mzee humjibu kwa Kumbukumbu la Torati 25:5-10. Wote wawili wanasoma nusu. Torati yawahusu ndugu wakaao pamoja, na marehemu asiyeacha mwana, ili jina lake lisifutike. Desturi ya ziwani humhusu hata mjane mwenye wana, na mrithi aweza kuwa jamaa wa mbali. Basi mzee hawezi kuiita desturi yake amri. Lakini mhubiri naye hajashinda. Kutoka 22:22 yakataza kumtesa mjane, na Yakobo 1:27 yaifanya huduma kwake kuwa kipimo cha dini safi. Kanisa likimkataza mjane asirithiwe, kisha likamwacha bila mtetezi wa shamba wala wa mtumbwi wa mumewe, limefanya nini ila Korbani? Limeutaja utakatifu ili kuukwepa wajibu.

Kwa hiyo twasema kwamba upinzani wa kweli katika Marko 7 si baina ya Kiafrika na Kikristo, wala baina ya kale na kipya. Ni baina ya dini imlindayo mnyonge na dini itafutayo udhuru. Mfasiri aliyelitumia neno moja mahali pote ametuachia kipimo hicho. Ni juu ya wafafanuzi kukitumia kwa mzee na kwa mhubiri sawasawa.